Nikatwe au nichomwe mionzi? Na mke wangu bado hajui

Mshauri, salaam.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, nina miaka 63, sasa nalima zabibu huku Hombolo. Naomba jina langu lisitokee, maana hapa kwetu mtu akikohoa jioni, asubuhi kijiji kizima kimeshamwombea.

Mwaka jana nilianza kuamka usiku mara nne, mara tano kwenda haja ndogo. Nikasema ni uzee. Mkojo ulipoanza kukatikakatika nikaenda hospitali mjini Dodoma. Kipimo cha damu cha PSA kikaja 34. Wakachukua vinyama kwenye tezi dume, majibu yakarudi kwamba ni saratani, na Gleason, yaani alama ya ukali wake, ni 4 jumlisha 4, jumla 8. Nikapigwa MRI, kisha nikatumwa Dar es Salaam kwa skani ya mifupa. Mifupa ni safi, mitoki haijavimba, ila uvimbe umeanza kuchungulia nje ya ganda la tezi upande wa kulia. Kwenye faili daktari ameandika kuwa niko kundi la hatari kubwa. Tangu nisome maneno hayo silali.

Nimeonana na mabingwa wawili. Wa kwanza ni wa upasuaji. Anasema mwili wangu una nguvu, sina kisukari, moyo ni mzima, kwa hiyo anaweza kuitoa tezi yote pamoja na mitoki ya nyonga. Wa pili ni wa mionzi. Anasema nichomwe mionzi huko Dar na kuchomwa sindano za homoni, zile za kuzima homoni ya kiume, kwa miaka miwili, na kwamba matokeo yake pia ni mazuri. Wote wawili walimaliza kwa maneno yaleyale: "Uamuzi ni wako, mzee." Mimi nimesahihisha madaftari miaka yangu yote ya kazi. Swali la hesabu lina jibu moja. Hawa wasomi wanawezaje kunipa mawili?

Kaka yangu ameapa kwamba kansa haiguswi kisu, ikipigwa na hewa inasambaa. Anamtaja binamu yetu wa Bahi aliyepasuliwa tumbo, hakuyaona mavuno yaliyofuata. Jirani yangu naye alifanyiwa upasuaji wa tezi dume, akalazwa siku chache, na leo anaendesha baiskeli kwenda shambani kama kijana. Mwanangu mkubwa aliyeko Dar anataka niuze heka mbili za zabibu niende India nikapasuliwe kwa roboti.

Mimi moyo wangu unaelekea kwenye kisu. Mzabibu ukioza tawi, nakata mpaka penye mti mzima na kazi imekwisha. Kwa nini na mimi nisikatwe nikamaliza? Lakini nimesikia kuna kuvuja mkojo na kuvaa pedi, na kwamba nguvu za kiume zinaweza kupotea kabisa.

Hapo ndipo penye mzigo. Mke wangu nimemwambia ni tezi ya uzee tu. Miezi mingi sasa hatujakaribiana. Juzi aliniuliza kama nina mwanamke mjini, kwa sababu kila nikienda Dodoma narudi kimya na simu nimezima. Nikacheka. Yeye hakucheka.

Nikatwe au nisikatwe? Na yeye nimwambie kabla, au nimalize kwanza?

Mwalimu, Hombolo

MSHAURI ANAJIBU

Mwalimu, shikamoo.

Nianze na maneno yaliyokunyima usingizi. Hatari kubwa kwenye faili la tezi dume haina maana kwamba saratani imesambaa. Ina maana kwamba kwa namna ilivyo, uwezekano wa kurudi baada ya tiba au kusambaa baadaye ni mkubwa kuliko kwa wagonjwa wengine. Mwanaume huingizwa kundi hilo kwa mojawapo ya mambo matatu: PSA kupita 20, Gleason kuanzia 8 hadi 10, au uvimbe kuvuka ganda. Wewe unayo yote matatu, na sitalipunguza hilo kwa maneno matamu. Lakini mifupa yako ni safi, na mabingwa wote wawili wamekueleza tiba ya kuung'oa ugonjwa. Hakuna aliyezungumzia kukutuliza tu. Kwenye faili hilohilo na hayo yamo, ingawa hayakuandikwa kwa wino mzito.

Tena hata hiyo 8 ni ya vinyama vilivyochotwa kwa sindano. Tezi inapotolewa nzima na kukaguliwa maabara, karibu theluthi ya wanaume waliokuwa na Gleason 8 hukutwa na daraja la chini zaidi. Wapo pia wanaokutwa na la juu.

Sasa hao mashahidi wako wawili, jirani na binamu. Jirani yako, kwa maelezo yako, inaelekea alikuwa na uvimbe wa kawaida wa uzee. Hapo daktari huondoa nyama ya ndani inayobana njia ya mkojo na kuliacha ganda mahali pake. Watu huita kila kitu "upasuaji wa tezi dume", lakini uliotajiwa wewe ni mwingine: tezi inatoka yote na ganda lake, vifuko vya shahawa, na mitoki ya nyonga, kisha kibofu kinaunganishwa upya na njia ya mkojo. Utakaa na mpira wa mkojo wiki moja hadi mbili, na kwa wiki kadhaa hutanyanyua hata debe la zabibu. Baiskeli ya jirani isikupe ahadi ambayo daktari hajakupa.

Binamu naye alipasuliwa tumbo. Je, ilikuwa saratani gani, na ilikuwa imefika wapi? Hili la kisu na hewa nalisikia kila mahali, kuanzia Kongwa hadi Manyoni, na nadhani najua lilikoanzia. Watu wetu wengi hufika hospitali ugonjwa ukiwa umeshatapakaa. Daktari anafungua, anakuta hapana la kufanya, anafunga, na baada ya miezi mtu anazikwa. Waliobaki walichokiona ni kisu. Hewa haisambazi saratani. (Na kaka yako mwenyewe amepima? Mwenye ndugu wa tumbo moja aliyepata saratani ya tezi dume, uwezekano wake wa kuipata ni kama mara mbili ya wengine. Wanao wa kiume nao wakikaribia miaka 45, au hata kabla, wamwone daktari kuhusu PSA. Hayo mwambie kwa upole, maana wapinzani wa kisu mara nyingi ni waoga wa sindano.)

Mfano wako wa mzabibu ndio ninaotaka tuukalie kidogo, kwa sababu naona ndio unaokuvuta. Shambani unaliona tawi, unauona na mti mzima unapoanzia. Daktari wa tezi dume hana macho hayo. Uvimbe uliovuka ganda unaweza kuwa umeacha chembe ambazo hakuna MRI inayoziona. Kwa mtu wa kundi lako, upasuaji mara nyingi huwa hatua ya kwanza tu. Baada ya wiki sita hadi nane unapimwa PSA, na inatakiwa iwe imeshuka karibu na sifuri. Ikipanda hadi 0.2, madaktari wanasema imerudi. Taarifa za hospitali mbalimbali zinatofautiana, lakini kati ya theluthi moja na theluthi mbili ya wanaume wa hatari kubwa huiona PSA ikipanda tena ndani ya miaka kumi. Hapo huja mionzi, pengine na sindano za homoni. Kwa hiyo unaweza kuchagua kisu ili uikwepe mionzi, kisha ukaipanda treni ya Dar kwenda kuchomwa hiyohiyo.

Usiyasikie hayo kama hukumu. PSA kupanda bado ni mbali na kaburi. Hospitali ya Johns Hopkins ya Marekani ilitoa mwaka 1999 taarifa ya wanaume wake waliopasuliwa. Waliorudiwa na PSA walichukua miaka kama minane, kwa mtu wa katikati, kabla saratani haijaonekana kwenye mifupa au kwingine, ingawa wenye Gleason 8 na kuendelea walikwenda haraka zaidi. Na mwaka 2020 yaliletwa pamoja matokeo ya majaribio matatu, ya Uingereza, ya Ufaransa, na ya Australia na New Zealand. Yalionyesha kuwa kumfuatilia mtu aliyepasuliwa na kumpa mionzi PSA inapoanza tu kupanda hakukuwa na madhara zaidi ya kuwachoma wote mara baada ya upasuaji. Ukipasuliwa, basi, ile kliniki ya PSA ndiyo inayobeba matumaini yako. Mtu aliyepasuliwa vizuri kisha akaacha kupima kwa sababu anajisikia mzima amejinyima nusu ya tiba.

Upande wa mionzi nao usiudharau. Mwaka 1997 ilichapishwa kazi ya Ulaya iliyohusu wanaume 415 wenye ugonjwa unaokaribiana na wako. Waliochomwa mionzi peke yake, asilimia 62 walikuwa hai baada ya miaka mitano. Waliopewa mionzi pamoja na sindano za homoni kwa miaka mitatu, asilimia 79. Mwaka 2009 ikaja ya nchi za Skandinavia, yenye wanaume 875. Waliopewa homoni bila mionzi, karibu 24 kati ya 100 walikufa kwa saratani hiyo ndani ya miaka kumi. Walioongezewa mionzi, 12. Hii ya pili nakutajia kwa makusudi, kwa sababu ipo njia ya tatu ambayo hukuiandika lakini naihofia: kuchoka na maswali yote haya, ukasema nipeni sindano tu niende zangu shambani. Kwa mzee dhaifu mwenye maradhi mengine, sindano peke yake inaweza kuwa busara. Kwa mtu wa miaka 63 asiye na kisukari, hesabu ndiyo hiyo uliyoiona.

Na kati ya kisu na mionzi, ipi inamfikisha mtu mbali zaidi? Hapa ndipo walipokuachia majibu mawili, na nakuomba uwaamini kwamba hawakukwepa kazi. Jaribio jingine kubwa la Uingereza, liitwalo ProtecT, lililotoa matokeo ya miaka 15 mwaka 2023, lilikuta kama 97 kati ya 100 hawakufa kwa saratani hiyo, wawe walipasuliwa, walichomwa mionzi au walifuatiliwa tu. Lakini wengi wao walikuwa na saratani nyepesi kuliko yako, kwa hiyo usijipime kwa kibaba chao. Kwa kundi lako, jaribio la kuzishindanisha tiba hizi mbili bado linaendelea huko Skandinavia. Kwa sasa zote zina rekodi nzuri kwa mtu aliyechunguzwa vizuri kama wewe. Kinachotofautiana sana ni maisha ya kila siku baada ya tiba, na hapo wewe unajua mambo ambayo madaktari hawayajui.

Chukua mkojo. Katika jaribio hilo la Uingereza, miezi sita baada ya upasuaji 46 kati ya 100 walikuwa wanatumia pedi. Baada ya miaka sita walibaki 17. Wengi hurudi kuukamata mkojo ndani ya mwaka, na kukaza ile misuli unayoitumia kuukata mkojo katikati husaidia, hasa ukianza mazoezi kabla ya kupasuliwa. Mionzi haivujishi mkojo kiasi hicho, lakini inaweza kuleta adha kwenye haja kubwa: kuharisha, damu, kubanwa ghafla. Wewe unayeshinda shambani mbali na choo, ipi ungeistahimili? Swali hilo silijui jibu lake mimi. Nakuonya tu usije ukaacha kunywa maji ili usivuje, na jua la Dodoma unalijua.

Nguvu za kiume. Mishipa ya fahamu inayosimamisha uume inapita pembeni kabisa mwa tezi, na tangu mwaka 1982, kwa kazi ya daktari Patrick Walsh, wapasuaji wamejifunza kuinusuru. Kwako wewe uvimbe umechungulia upande wa kulia, kwa hiyo mshipa wa upande huo huenda ukatolewa kwa usalama. Wa kushoto muulize. Shahawa hazitatoka tena, ingawa kilele chenyewe kinaweza kuwepo. Zipo dawa, ipo pampu, na kwa umri wako na mshipa mmoja kurejea huchukua muda mrefu na hakuna anayeweza kukuahidi. Lakini kama unakimbilia mionzi ili kuilinda ndoa, fahamu kwamba miaka miwili ya homoni huzima hamu yenyewe, huleta mafukuto ya joto kama ya wanawake waliokoma hedhi, huongeza kitambi na sukari, na hulegeza mifupa. Wengine hupata huzuni isiyo na sababu. Baada ya sindano kuisha, wengine hurudi walivyokuwa, wengine nusu. Njia isiyogusa chumba chenu cha kulala haipo kati ya hizi mbili.

Ndiyo maana sioni unavyoweza kuamua bila mama mwenye chumba.

Naelewa hofu ya kumwambia mapema. Atalia, atamwita dada yake, kaka yako atapata mshirika, na wewe utabaki kuwatuliza wao badala ya kujitazama. Inawezekana kabisa. Kuna pia wanaume wanaoona heri wapite kwanza kwenye upasuaji ndipo waseme, na siwezi kuwaita waovu. Lakini tazama upande wa pili. Nani atamwaga mfuko wa mkojo usiku wa tatu? Nani atafua shuka? Utamweleza nini kuhusu sindano za miaka miwili? Wewe unaogopa atakuonaje akijua. Kwa sasa anakuona mwanaume mwenye hawara mjini. Sidhani kwamba unachokificha kingemuumiza kuliko hicho anachokiamini.

Kama maneno yanakwama kooni, si lazima uyaseme yote peke yako. Mwambie tu uende naye kliniki ijayo, mkipanda gari umwambie pole pole kwamba ni zaidi ya tezi ya uzee, na yaliyobaki daktari ayaseme mbele yenu wote. Au mketi mahali mnapoketi siku zote mkiwa wawili. Wanawake wa rika lake wamewauguza wazazi, wamezika, wamezaa. Pedi haitamshangaza kama unavyodhani.

Kuhusu roboti, mwanao ana nia njema. Huko Brisbane, Australia, wanaume 326 waligawanywa, wengine wapasuliwe kwa roboti na wengine kwa mkono. Waliopasuliwa kwa roboti walipoteza damu pungufu kuliko wenzao, lakini baada ya miaka miwili mkojo na nguvu za kiume havikuwa na tofauti ya maana. Mkono wa mpasuaji na uzoefu wake una uzito kuliko mashine. Kwa hiyo muulize bingwa wako bila aibu: umewatoa tezi wangapi wenye ugonjwa kama wangu, na baada ya mwaka wangapi wanavaa pedi? Daktari mzuri hakasiriki kwa swali hilo. Na ukienda India, ukirudi Hombolo mpira ukaziba usiku, utampigia nani?

Bingwa wa mionzi muulize ni wiki ngapi hasa, maana siku hizi mpango unaweza kuwa wa wiki nne au wa nane, na kwa mtu wa kulala kwa mwanawe Dar tofauti hiyo ni kubwa. Muulize pia hali ya kibofu, kwa sababu unakojoa kwa shida tayari, na mionzi kwa miezi ya mwanzo inaweza kuuzidishia mkojo ubishi. Kama hospitali yako ina kikao ambacho mabingwa wa pande zote hukaa pamoja juu ya mgonjwa mmoja, omba faili lako lipelekwe huko.

Una muda wa kuyafanya haya. Wiki chache za kuuliza na kufikiri hazitakuharibia, ila usiache zigeuke misimu miwili ya zabibu. Na kabla hujakubali sindano ya kwanza ya homoni "wakati unasubiri", hakikisha bingwa wa upasuaji anajua. Kwa anayekwenda kwenye mionzi ni sehemu ya tiba, lakini kabla ya upasuaji haijaonekana kurefusha maisha.

Zile heka mbili mwambie mwanao asubiri. Nenda kwanza ofisi ya bima na kadi yako ya ustaafu, uliza upasuaji unalipiwa kiasi gani, mionzi kiasi gani, sindano zinalipiwa kwa muda gani, na waandike kwenye karatasi. Mama awe amekaa kiti cha pili.